Fundi Anataka Kufomati Seva Baada ya Apdeti, Nimwambie Nini?

Meseji za safari hii karibu zote zinaanza vile vile, tuliapdeti seva na sasa haifanyi. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa ju kuna mtu anakuja kufuta kila kitu, na hizo data zikienda hazirudi.

SWALI: Habari zenu. Mimi naweka hesabu kwa hadiwea huku Industrial Area. Tuko na seva moja, OS yake (programu kuu inayoendesha kompyuta) ni Ubuntu, hapo ndio stoki yote iko na madeni ya wateja, tunaifungua na brauza pale kaunta. Kijana wetu wa IT aliitoa kwa toleo la 20.04 akaipeleka 22.04, alisema ile ya zamani imeisha muda. Sasa tukifungua, badala ya pahali pa kuweka jina na paswadi tunaona maandishi tu, inaanza na <?php halafu mistari mingi mingi. Fundi mwingine ameitwa, anasema OS imeharibika na dawa ni kufomati aweke upya, na mdosi amekubali. Mimi naogopa ju madeni hatuandiki kwa kitabu siku hizi. Nimwambie nini?
Dada wa hesabu, Industrial Area

JIBU: Dada, mwambie fundi asiguse kitu kwanza, na mdosi mweleze hivi: seva yenu haijaharibika. OS imewaka, mtandao unafanya, Apache (programu ya kutuma kurasa kwa brauza) inajibu, hata faili ya mfumo wenu imesomwa kutoka kwa diski ikafika mpaka kwa brauza yako, ndio maana unaiona. Kitu kimoja tu ndio hakipo, ile PHP ya kuchukua hiyo faili na kuifanyia kazi kabla itumwe kwako. Kufomati kwa sababu ya hiyo ni kubomoa nyumba ju kitasa kimekwama, na ndani ya hiyo nyumba ndio madeni ya wateja yako.

Lakini kuna haraka nyingine ambayo sioni kama mmeambiwa. Hebu shuka polepole kwa hayo maandishi, utapata pahali pameandikwa kitu kama $db_user na chini yake $db_pass halafu neno katikati ya alama za kunukuu. Hiyo ni paswadi ya databesi yenu. Kama haiko kwa huo ukurasa basi iko kwa faili iliyotajwa pale juu baada ya neno include ama require, na hiyo faili pia mtu akiiandika kwa brauza itajionyesha vivyo hivyo. Kama mdosi huwa anaangalia stoki akiwa nyumbani, basi seva iko wazi kwa intaneti na mtu yeyote anaweza kusoma hayo yote saa hii. Kwa hivyo cha kwanza kabisa, kabla ya chai, kijana wa IT aandike sudo systemctl stop apache2. Hiyo inazima ukurasa tu, databesi haiguswi.

Cha pili ni bakapu, na hapa msikimbie. Aandike sudo mysqldump --all-databases na aielekeze kwa faili, halafu anakili pia folda ya /var/www na /etc yote. Akimaliza aangalie mwisho wa ile faili ya databesi na amri ya tail, mstari wa mwisho unafaa kuanza na -- Dump completed na tarehe. Ukikosa huo mstari jua bakapu ilikatika njiani, pengine diski ilijaa, na hiyo si bakapu. Hiyo faili iende kwa kompyuta nyingine na kwa diski ya nje, na diski ya nje ichomolewe iwekwe kwa droo. Wewe mwenyewe simama hapo uone. Nasema hivi ju nimesikia watu wengi wakiambiwa "bakapu iko" halafu inapatikana ilikuwa kwa diski ile ile iliyofomatiwa.

Sasa kilichotokea ni hivi. Ubuntu 20.04 ilikuja na PHP 7.4, na 22.04 inakuja na PHP 8.1. Wakati wa kuhama ile 7.4 inaondolewa, na ile moduli ya kuunganisha Apache na PHP inaondoka nayo, na mara nyingine ile mpya haiwekwi ama inawekwa lakini haiwashwi. Kijana akiandika php -v ataona 8.1 na atasema PHP iko sawa, lakini hiyo inamwonyesha PHP ya pale kwa skrini nyeusi ya amri, haimwambii kitu kuhusu ile ya Apache, hizi ni vitu viwili tofauti na hapa ndipo watu wanapotea masaa. Aangalie ndani ya /etc/apache2/mods-enabled kama kuna kitu chochote cha php. Kama hakuna, aweke libapache2-mod-php8.1 na php8.1-mysql, halafu a2enmod php8.1, na kama bado kuna jina la php7.4 hapo alitoe na a2dismod. Apache ikilalamika kuhusu MPM (sehemu yake ya kugawa maombi yanayoingia), azime mpm_event awashe mpm_prefork. Halafu apache2ctl configtest, na ikisema sintaksi iko sawa ndio awashe Apache, waya wa intaneti ukiwa umechomolewa kwa rauta mpaka mhakikishe mnaona ukurasa wa kuingia na sio msimbo.

Msishangae ukurasa ukitokea halafu ndani ukakataa tena, hasa kama mfumo wenu uliandikwa kitambo. PHP 8 ilitoa vitu vya zamani kama each() na create_function(), na kutoka 8.1 ile njia ya mysqli ya kuongea na databesi ilibadilika tabia, zamani ikipata kosa ilikuwa inanyamaza programu inaendelea, sasa inasimamisha kila kitu. Kwa hivyo hilo kosa lilikuwa ndani ya mfumo miaka yote, ni vile tu halikuwa linasema. Asome /var/log/apache2/error.log, mistari ya mwisho hamsini inatosha, pale imeandikwa jina la faili na namba ya mstari wenye shida, yaani hakuna kubahatisha. Aliyewaandikia mfumo akipewa hiyo mistari anarekebisha. Kama hapatikani na duka linafaa kufunguliwa, kuna hazina ya programu ya Ondřej Surý inayojulikana sana kwa watu wa Ubuntu, ppa:ondrej/php, ina matoleo ya zamani ya PHP, mnaweza kurudisha 7.4 kwa muda. Nasema kwa muda kabisa, ju PHP 7.4 iliacha kupata viraka vya usalama kutoka kwa wenyewe Novemba 2022, kwa hivyo ikirudi seva isifunguke kwa intaneti, ifanye ndani ya duka peke yake.

Kitu kidogo mtakutana nacho baadaye, picha za bidhaa zikikataa kupanda. PHP mpya inasoma faili yake ya setingi, /etc/php/8.1/apache2/php.ini, haisomi ile ya 7.4, na kiwango cha ukubwa wa faili ya kupandisha kinarudi megabaiti 2. Mwangalie ya zamani mlikuwa mmeweka nini, mlingane.

Mwisho, paswadi ya databesi ibadilishwe leo hii, hata kama mnadhani hakuna aliyeiona. Na huyo fundi wa kufomati, muulize swali moja tu: logi inasema nini? Akishindwa kukuonyesha mstari, hana sababu ya kufuta diski yako. Kijana wenu naye hakukosea kutoa 20.04, msaada wake wa kawaida uliisha Mei 2025 na 22.04 iko na mpaka 2027. Kilichokosekana ni bakapu kabla na mtu wa kujaribu mfumo kwa PHP mpya kabla.

SWALI: Niko na sayba Githurai. Kompyuta yangu ya kaunta ndio seva, Windows, inahesabu muda wa wateja. Ilidai kuapdeti nikaikubalia, ikiwa inajizima na kuwaka stima ikapotea, iliporudi ikawaka vizuri lakini sasa kila tovuti inakataa, inasema muunganisho si salama, iwe eCitizen iwe KRA iwe imeili. Wateja wanaenda kwa jirani. Nitoe hiyo apdeti?
Mama sayba, Githurai

JIBU: Pole mama. Usitoe apdeti bado, angalia kwanza pale chini kulia kwa skrini tarehe ni gani. Nadhani utapata uko mwaka mwingine kabisa. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta ikiamini tuko miaka ya nyuma inaona vyeti vyote bado havijaanza, inakataa vyote kwa mpigo.

Kinachosababisha ni ile betri ndogo ya mviringo kwa bodi, CR2032 ya volti 3, ambayo inashikilia saa wakati hakuna stima. Kompyuta ya sayba inakaa ikiwaka ama angalau waya ukiwa kwa soketi, kwa hivyo betri inaweza kufa na usijue, mpaka siku stima inapotea kabisa. Apdeti na stima zilikutana tu siku moja. Na Windows ambayo haiko kwa domeini (kundi la kompyuta za ofisi zinazosimamiwa na seva) kwa kawaida haikubali kujirekebisha yenyewe saa ikiwa imepotea zaidi ya masaa 15, ndio maana umengoja na haijajipanga. Weka tarehe na saa kwa mkono, chagua eneo la Nairobi, tovuti zitafunguka hapo hapo. Halafu nunua betri, maduka ya Luthuli yamejaa hizo, ibadilishwe kompyuta ikiwa imezimwa na waya umetolewa. Baadaye ingia BIOS (setingi za bodi zinazofunguliwa kabla Windows haijawaka) uangalie, ju betri ikifa setingi zake zinaweza kurudi za kiwandani, na hapo unaweza kukuta hata mpangilio wa diski umebadilika na Windows inakataa kuwaka.

Na kitu ningependa kila mwenye seva ashike, kabla ya kuapdeti, zima uwashe kwanza bila kuapdeti. Seva ikikataa kuwaka hapo, unajua ni shida ya zamani iliyokuwa imejificha na apdeti haihusiki. Ikiwaka sawa, endelea. Ukifanya vyote viwili pamoja huwezi kujua nani alileta shida, na lawama yote inaenda kwa apdeti.

SWALI: Sisi ni sakko ndogo hapa katikati ya jiji. Tulikuwa na Windows Server 2012 R2, tukaweka 2022 upya, mafaili yakahamishwa, kompyuta zote zinaona folda vizuri. Shida ni mashine ya fotokopi, ilikuwa inaskani fomu za wanachama zinaingia moja kwa moja kwa folda ya seva, sasa inasema haiwezi kuunganisha. Fundi wa mashine anasema tuwashe SMB1. Mwenyekiti naye amekasirika anasema apdeti zote zizimwe zisirudi tena. Tufanye nini?
Karani wa sakko, Nairobi CBD

JIBU: Ndugu karani, fundi ameona shida lakini dawa yake ni mbaya, na agizo la mwenyekiti ni baya zaidi. Nitaeleza yote mawili ju hapa pesa za watu ziko ndani.

SMB ndio lugha ambayo mashine na seva zinatumia kupeana mafaili. SMB1 ni ya zamani sana, na fotokopi nyingi zinazouzwa zikiwa zimetumika zinajua hiyo peke yake, ama zinajua SMB2 pia lakini hakuna aliyeiwasha. Windows Server mpya zinakuja bila SMB1. Ile 2012 R2 yenu ilikuwa nayo, kwa hivyo hamkujua kwamba skana inaongea lugha hiyo mpaka mlipotoa seva.

Kwa nini Microsoft waliiondoa SMB1? Machi 14, 2017 walitoa kiraka, MS17-010, cha kuziba tundu ndani ya SMB1. Mei 12 mwaka huo huo, miezi miwili haijaisha, WannaCry ikatoka, ikaingia kwa kompyuta nchi nyingi duniani, ikafunga mafaili ya watu na kudai malipo, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Na ilikuwa inapita kwa tundu hilo hilo la SMB1, inaruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila mtu kubonyeza chochote. Waliokuwa wameweka kiraka cha Machi hawakuingiliwa kupitia hapo. Sasa msomee mwenyekiti hizo tarehe mbili, polepole, halafu muulize kama bado anataka apdeti zizimwe. Fomu za wanachama zina namba za vitambulisho na sahihi na picha, na sheria yetu ya ulinzi wa data ya 2019 inataka zikivuja na kukiwa na hatari ya kweli kwa wenyewe, mkamishna wa data ajulishwe ndani ya masaa 72.

Kwa hivyo fanyeni hivi. Fungueni ukurasa wa setingi wa fotokopi kwa brauza, ni kuandika tu ile namba yake ya IP, mtafute pahali pa mtandao pameandikwa SMB. Mashine nyingi zina chaguo la toleo la 2 ama 3 lililozimwa, mnaliwasha na mambo yanaisha hapo. Kama halipo, fundi aweke toleo jipya la programu ya ndani ya mashine kutoka kwa mtengenezaji. Kama mashine ni nzee mno na hakuna toleo jipya, iskani kwa imeili ya ofisi, ama iskani kwa flashi, ni kazi zaidi lakini si hatari. Na mkiwa hapo, tengenezeni akaunti ya skana peke yake yenye uwezo wa kuandika kwa folda moja tu. Najua ofisi nyingi skana inatumia paswadi ya administreta, imeandikwa ndani ya mashine ambayo kila mtu anasimama mbele yake, hiyo muitoe leo.

Kabla ya hayo yote hakikisheni kitu kimoja, mtandao wa seva usiwe umeandikwa Public baada ya kuwekwa upya, ju hapo faiawoli inafunga mengi na mnaweza kuilaumu SMB bure. Lakini kwa vile kompyuta zenu zinaona folda, sidhani ni hiyo.

Mwenyekiti ana haki ya kuogopa, hilo sitalipuuza. Januari 2022 Microsoft walitoa apdeti ambazo ziliingia kwa seva za domeini zikaanza kujizima na kuwaka zenyewe tena na tena, na nyingine Hyper-V (ya kuendesha kompyuta pepe ndani ya seva) ikakataa kuanza, na marekebisho yakaja Januari 17. Watu walioapdeti usiku ule ule waliumia, walioacha siku kadhaa zipite walikuta imesharekebishwa. Apdeti za kila mwezi za Microsoft zinatoka Jumanne ya pili, kwetu hapa ni saa mbili ama saa tatu usiku kutegemea na majira ya Marekani. Msiweke usiku huo. Acheni wiki moja, someni kama watu wanalia, halafu wekeni Jumamosi mchana mkishafunga ofisi, bakapu ikiwa imefanywa na faili moja kutoka kwa hiyo bakapu imejaribiwa kurudishwa ikafunguka. Hiyo inamtosha mwenyekiti kuliko kuzima, na 2012 R2 yenyewe ilikuwa imeachwa bila viraka vya kawaida tangu Oktoba 10, 2023, kwa hivyo mlihama mkiwa mmechelewa tayari.

SWALI: Mwalimu wa kompyuta shule fulani Rongai. Seva ya maabara ni Ubuntu, niliapdeti keneli (kiini cha OS) nikairestati, ikakaa ikingoja muda mrefu kama dakika moja na nusu halafu ikaniletea skrini nyeusi inasema iko kwa hali ya dharura, nibonyeze Enter ama Control na D. Control D inanirudisha pale pale. Wanafunzi wako na mradi wa mtihani humo ndani.
Mwalimu, Rongai

JIBU: Mwalimu, hiyo dakika moja na nusu umeiandika vizuri na imenipa jibu karibu lote. Ubuntu kwa kawaida inangoja diski sekunde 90, ikikosa inasimama. Kwa hivyo kuna diski imeandikwa kwa /etc/fstab (faili yenye orodha ya diski za kufunguliwa seva ikiwaka) kwamba lazima iwepo na haipatikani. Je, kulikuwa na diski ya nje ya bakapu mliyotoa? Ama kuna flashi imechomekwa?

Bonyeza Enter, andika journalctl -xb usome mistari myekundu, itataja jina la diski. Halafu lsblk -f ikuonyeshe diski zilizoko na UUID zao (namba ya kipekee ya kila moja). Ukifungua /etc/fstab na ukute mstari unaanza na /dev/sdb1, hapo ndipo penye shida, ju hizo herufi hupewa kwa mpangilio wa kuonekana, flashi ikitangulia inachukua sdb na diski yako inakuwa sdc. Kama faili inakataa kuhifadhi andika mount -o remount,rw / kwanza. Weka UUID badala ya jina la herufi, na kama ni diski ya bakapu tu ongeza neno nofail kwa safu ya nne, hapo seva itawaka hata hiyo diski isipokuwepo. Kabla ya kurestati andika findmnt --verify, itakusomea fstab na kukuambia kama umekosea herufi. Nakusihi usiruke hiyo, kosa dogo hapo linakurudisha kwa skrini nyeusi.

Kama fstab iko safi kabisa, basi wakati wa kuwaka shikilia Shift, ama ubonyeze Esc kwa mashine za UEFI (BIOS ya kisasa), uende kwa chaguzi za ziada uchague keneli ya zamani. Ubuntu haifuti ile iliyotangulia mara moja. Ikiwaka na ya zamani, angalia df -h kama /boot imejaa, ju ikijaa keneli mpya inaandikwa nusu. Hapo ni sudo apt autoremove, halafu sudo dpkg --configure -a imalizie kazi. Miradi ya wanafunzi iko salama mahali ilipo, lakini inakili leo kabla ya kurestati tena.

SWALI: Niko Ruaka, nashughulikia tovuti za wateja. Nimetoa VPS (seva ya kukodi mtandaoni) kwa Ubuntu 20.04 nikaipeleka 22.04, tovuti ziko hewani lakini PuTTY, ile programu ya kuingia kwa seva kutoka mbali, inasema seva imekataa ufunguo wangu. Ufunguo sijabadilisha. Nimeingiliwa?
Dev, Ruaka

JIBU: Sidhani bro. Kutoka OpenSSH 8.8 ya 2021 (programu ya seva inayokuruhusu kuingia kutoka mbali, yaani SSH), sahihi za funguo za RSA zinazotumia SHA-1, njia ya zamani ya kusaini, zilizimwa, na 22.04 iko na 8.9. Ufunguo wako ni mzima, ni PuTTY yako ndio ya zamani haijui kusaini kwa njia mpya. Weka PuTTY ya sasa ujaribu na ufunguo huo huo, uwezekano mkubwa utaingia. Halafu tengeneza ufunguo mpya wa aina ya ed25519 uongeze kwa kila seva polepole.

Kama ni lazima uingie kabla ya hapo, tumia konsoli ya kwa brauza ambayo mwenye VPS anakupa, na ukiwa ndani angalia /var/log/auth.log, ukiona PubkeyAcceptedAlgorithms imetajwa basi ni hii niliyoeleza. Usikubali ushauri wa kuwasha ssh-rsa ya zamani ukaiacha hivyo.

Safari ingine ukihama kupitia SSH, do-release-upgrade inakufungulia mlango wa pili kwa poti 1022, hakikisha faiawoli ya mwenye VPS inaruhusu hiyo poti kabla ya kuanza, na usifunge dirisha la kwanza mpaka umeingia na la pili. Na ukienda 24.04 na unatumia poti tofauti na 22, jua huko SSH inaanzishwa na ssh.socket, ukibadilisha poti kwa sshd_config lazima ufanye systemctl daemon-reload halafu urestati ssh.socket, la sivyo itaendelea kusikiliza poti ya zamani. Kama umefanya yote na bado inakataa, nitumie mistari ya auth.log, ila toa IP na majina ya wateja kwanza.